Bando Linakwenda Wapi Ukiwasha Linux?

Hotuba kwa mafundi, wanafunzi na watumiaji wa Linux, Kijitonyama, Dar es Salaam

Wakubwa zangu, shikamooni. Wenzangu, habari za mchana. Na nyie wadogo zetu mliotoka darasani mkapitiliza hapa bila kula, mambo vipi? Nitajitahidi nisiwachoshe.

Nimeombwa nizungumzie huduma zinazojiwasha zenyewe kwenye Linux, mfumo unaoendesha kompyuta zetu: zile zinazoamka pamoja na kompyuta, na zile zinazoendelea chinichini wakati wewe unaandika barua yako. Naanza na msimamo wangu ili wa kunipinga aanze kujiandaa. Zile orodha za "zima huduma hizi kumi, Linux yako itapaa" hazikuandikwa kwa ajili yetu. Aliyeziandika ana intaneti ya waya isiyoisha, ana SSD mpya, ile diski ya kasi, na kinachomkera ni sekunde. Kompyuta yake inawaka kwa sekunde 14, yeye anataka 9. Jamani, mtu aliyetoka kwenye foleni ya Ubungo hawezi kulilia sekunde tano. Kinachotuuma sisi ni bando linaloyeyuka kabla hujafungua chochote, na RAM ya gigabaiti 4 kwenye laptopu ya mtumba kutoka Kariakoo, ambayo ikijaa diski inaanza kukwaruza na kishale hakisogei.

Ukipima kwa sekunde, utazima vitu fulani. Ukipima kwa bando na RAM, utazima vingine kabisa. Na baadhi ya vile unavyoambiwa uzime, utagundua ndivyo vinavyokubeba.

Chukueni ModemManager. Kwenye orodha za namna hiyo hutajwa mara nyingi: zima, haina kazi. Kwa mwenye waya ukutani ni kweli. Lakini huyo ndiye anayezungumza na modemu ya USB, kile kijiti chenye laini ndani ambacho wengi humu mmewahi kukitegemea kumalizia kazi ya chuo. Ukiizima huduma hiyo, unachomeka kijiti, kimya, halafu unampelekea fundi ukidai modemu imeungua. Zipo pia modemu zinazojitambulisha kwa kompyuta kana kwamba ni kadi ya mtandao wa waya, na hizo hazimhitaji. Utajuaje yako ni ipi? Chomeka, kisha kwenye terminali, lile dirisha la kuandika amri, andika `mmcli -L`. Modemu ikitajwa, ModemManager ana kazi kwako. Isipotajwa na intaneti bado inapita, mzime kwa amani.

Sasa, nani anaziamsha huduma hizi? Kerneli, yaani kiini cha Linux, ikishakaa sawa kwenye kumbukumbu inaanzisha prosesi (programu inayoendeshwa) moja ya kwanza, namba 1, na hiyo ndiyo inaanzisha huduma zote unazoziona. Kwa miaka mingi ilikuwa init ya mtindo wa System V, mtindo wa Unix ya zamani: folda ya `/etc/init.d` imejaa hati za amri, na hati moja inasubiri nyingine imalize. Ubuntu, moja ya aina za Linux kama zilivyo Fedora na Debian, wakaja na Upstart mwaka 2006. Mwaka 2010 Lennart Poettering na Kay Sievers wakaileta systemd, Fedora 15 ikaichukua mwaka uliofuata, na 2015 Debian 8 na Ubuntu 15.04 nazo zikaingia. Ugomvi wake ndani ya Debian ulikuwa mkali hadi watu wakajitenga na kuanzisha Devuan. Mimi vita hiyo sina hamu nayo. Mwenye mashine kuukuu mno atumie antiX, Linux nyepesi ambayo haina systemd, na sehemu kubwa ya nitakayosema haitamhusu. Sisi wengine tunayo, na ina sifa moja ninayoipenda: ukiiuliza, inajibu.

Basi tuiulize. `systemctl list-unit-files --type=service --state=enabled` inakupa huduma zilizoandikishwa kuamka na mashine. `systemctl list-units --type=service --state=running` inakupa zilizo hai sasa hivi. Ziweke orodha hizo mbili ubavu kwa ubavu. Hazitafanana, na penye tofauti ndipo pa kuchimba: hii iliyo hai bila kuandikishwa, kaiita nani? Ukiandika `systemctl status` na jina la huduma, unaambiwa iko hai tangu lini, imeshika kumbukumbu kiasi gani, na mistari ya mwisho ya ilichokisema. `systemctl cat` inakuonyesha faili lake lenyewe. `systemctl list-dependencies --reverse` inakuambia ni nani anaitegemea, na hiyo ndiyo amri ambayo ningependa kila mmoja aiandike kabla hajagusa kitu. Kwa RAM kuna `systemd-cgtop -m`, inapanga walaji kuanzia mkubwa. Zote hizi ni za kusoma tu. Kusoma hakuharibu mashine.

Ipo pia `systemd-analyze blame`, kipenzi cha vijana, kwa sababu inatoa lawama kwa mpangilio, mwenye kosa kubwa juu. Isomeni kwa tahadhari. Huduma huwashwa sambamba, hivyo iliyotumia sekunde 20 huenda haikumchelewesha mtu yeyote. `NetworkManager-wait-online` hupenda kukaa juu kabisa, na ni haki yake, maana kazi aliyopewa ni kusubiri mtandao upatikane. Kama huna folda za mtandaoni zinazotakiwa kuunganishwa wakati wa kuwasha, unaweza kuiondoa. Lakini usishangae ukikuta skrini ya kuingilia imekuja muda uleule. Anayetaka kujua nani alimsubiri nani atumie `systemd-analyze critical-chain`. Nimemaliza habari za sekunde.

Tuje kwenye kuzima, maana hapa ndipo mambo matatu huchanganywa kila siku. `systemctl stop` inazima sasa hivi. Kesho ukiwasha, huduma imo. `systemctl disable` inaiondoa kwenye orodha ya kuamshwa, lakini leo inaendelea na shughuli zake. Ndiyo sababu tunaandika `disable --now`, yote kwa mpigo. Sasa fikirieni bweni. Disable ni sawa na matroni kufuta jina la mwanafunzi kwenye karatasi ya wanaoamshwa alfajiri. Mwanafunzi hajakatazwa kuamka. Mwenzake akimgongea dirisha, anatoka. Na kwenye systemd wagongaji ni wengi: soketi (mlango unaosubiri maombi), taima (saa ya kuamshia), D-Bus (njia ya programu kuitana), au huduma nyingine inayomhitaji. Chukueni CUPS, anayesimamia uchapishaji. Zima `cups.service` peke yake, uache `cups.socket` na `cups.path`, halafu bofya kuchapisha: CUPS huyo hapo nje. Ukitaka asitoke kabisa, amri ni `mask`. Hiyo inalielekeza faili lake kwenye `/dev/null`, shimo tupu la mfumo, na hata wewe mwenyewe ukimwita mfumo unakataa mpaka useme `unmask`.

Msidhani kugongewa ni kasoro. Mara nyingi ndiyo neema yenyewe. Wanaojifunza Docker hapa, ile ya kuendesha programu ndani ya makasha yake, zimeni `docker.service`, acheni `docker.socket`. Mashine itawaka bila Docker, na siku ukiandika amri ya kwanza ya Docker, soketi itaiamsha. Unailipia RAM siku ya kuitumia tu.

Nikiwa hapohapo kwenye CUPS: msiizime kwa sababu tu hamna printa nyumbani. Ndiyo inayoshughulikia foleni ya kuchapisha, na siku utakapokuwa ofisini kwa mtu unahitaji karatasi moja utaitafuta. Lakini jirani yake `cups-browsed` ni habari nyingine. Kazi yake ni kutafuta printa mtandaoni. Septemba 2024 ilibainika kwamba ilikuwa ikisikiliza kwenye mlango wa mtandao uitwao UDP 631 na kuamini pakiti kutoka kwa yeyote, kiasi kwamba mtu wa mbali angeweza kukuwekea printa ya uongo, na wewe ukichapisha, amri yake iende kwenye mashine yako. Viraka vilitolewa. Hata hivyo, kwa laptopu inayoshinda kwenye Wi-Fi ya hosteli na ya mgahawani, sioni sababu ya kuiacha. `sudo systemctl disable --now cups-browsed` (`sudo` ni kuomba mamlaka ya msimamizi), na printa ikihitajika unaiongeza kwa mkono.

Haya, bando. Hapa nitakaa kidogo.

Kwenye Debian na Ubuntu kuna taima mbili, `apt-daily.timer` na `apt-daily-upgrade.timer`. Ya kwanza inachota orodha mpya za vifurushi vya programu (si vya bando), na kama masasisho ya kujiendesha yamewashwa, inapakua na vifurushi vyenyewe. Ya pili inasakinisha. Ile ya kwanza imepangiwa 6:00 na 18:00, yaani saa 12 asubuhi na saa 12 jioni kwetu, halafu inaongezewa ucheleweshaji wa kubahatisha unaoweza kufika urefu wa saa 12 nzima, ili kompyuta za dunia zisivamie seva kwa pamoja. Sasa tazama ndani ya faili: kuna mstari `Persistent=true`. Maana yake ni kwamba muda ukipita mashine ikiwa imezimwa, kazi inageuka deni, na deni linalipwa ukishawasha, papo hapo au baada ya ule muda wa kubahatisha. Kwa mtu ambaye kompyuta yake haizimwi, mambo haya yanaisha akiwa usingizini. Kwako wewe unayefungua laptopu saa 3 asubuhi, ukawasha hotspoti ya simu utume barua pepe moja, deni la siku mbili linaweza kuangukia kwenye bando lako la siku. Hujafungua hata kivinjari. Andika `systemctl list-timers` ujionee nani anakudai na saa ngapi atakuja.

Kwenye Ubuntu muongeze na snapd, msimamizi wa vifurushi vya aina ya Snap, ambaye kwa kawaida huangalia masasisho mara 4 kwa siku. Kifurushi cha kivinjari kimoja kinaweza kuzidi megabaiti 200.

Najua mnachotaka kuniuliza: tuzime yote? Hapana. Laptopu isiyopata masasisho ya usalama, inayozunguka na flashi za watu kila stationari, ni hatari kwa mwenyewe na kwa anaokaa nao. Tuyahamishe, tusiyaue.

Hatua ya kwanza ni kuueleza mfumo kwamba mtandao huu unalipiwa kwa kipimo. NetworkManager, msimamizi wa miunganisho yako ya mtandao, ina alama hiyo. Mara nyingine anakisia mwenyewe. Hotspoti ya simu ya Android anaweza kuitambua. Lakini kile kirauta kidogo cha mkononi chenye laini, yeye anakiona ni Wi-Fi kama Wi-Fi nyingine, na atakisia kwamba intaneti ni ya bure. Angalia anavyofikiri: `nmcli -f GENERAL.METERED device show`. Ukikuta jibu ni `no` na wewe unajua ulinunua vocha asubuhi, msahihishe: `nmcli connection modify "JinaLaMtandao" connection.metered yes`, kisha jitoe kwenye mtandao na uingie tena. Kwenye GNOME, moja ya mazingira ya deski, kuna kitufe chake ndani ya mipangilio ya Wi-Fi, kwa wasiopenda terminali. Kisha mwambie snapd aiheshimu alama hiyo: `sudo snap set system refresh.metered=hold`. Huyo bila kuambiwa haachi.

Hatua ya pili ni kuisogeza taima yenyewe. `sudo systemctl edit apt-daily.timer` inakufungulia ukurasa wa kuandika mabadiliko yako bila kugusa faili la asili:

```
[Timer]
OnCalendar=
OnCalendar=Sun 01:00
RandomizedDelaySec=10m
Persistent=false
```

Ule mstari mtupu wa `OnCalendar=` si kosa la uchapaji. Unafuta ratiba ya zamani. Ukiusahau, utakuwa na ratiba zote mbili. Saa 01:00 ni saa 7 usiku, ukiamkia Jumapili, kwa wenye bando la usiku. Fanya vivyo hivyo kwa `apt-daily-upgrade.timer`, umpe saa moja mbele. Ila uwe mkweli kwa nafsi yako: kama laptopu hailali ikiwa imewashwa, ratiba hiyo haitatimia kamwe, kwa sababu umeshaondoa deni. Katika hali hiyo jiwekee siku ya kukaa kwenye Wi-Fi ya chuo au ya ofisi na uandike `sudo apt update && sudo apt upgrade` mwenyewe. Na ukijuta, `sudo systemctl revert apt-daily.timer` inarudisha kila kitu kama kilivyokuwa.

Kuna faida nyingine ya kuchagua muda, nayo ni umeme. Wenye kompyuta za mezani zisizo na UPS, umeme ukikatika katikati ya usakinishaji mnabaki na vifurushi nusu nusu. Si mwisho wa dunia, `sudo dpkg --configure -a` humaliza kilichokatishwa mara nyingi, lakini afadhali kazi hiyo ifanyike wewe ukiwa macho kuliko kujifanyia yenyewe chinichini.

Na anayetaka kumshika mlaji wa bando mkono, asakinishe `nethogs` na kuiendesha kwa sudo. Inaonyesha kila prosesi na kasi yake ya mtandao papo hapo. Iache wazi dakika chache baada ya kuwasha mashine. Mtakuja kunisimulia.

Kuhusu RAM, wanafunzi nisikilizeni ninyi hasa. Kwenye Debian na Ubuntu, ukisakinisha seva, kifurushi chenyewe kinaiwasha na kuiandikisha hapohapo. Fedora kwa kawaida haifanyi hivyo, inakusubiri useme. Kwa hiyo mwaka wa pili ulisoma kozi ya hifadhidata, ukasakinisha MySQL. Muhula ukaisha. Ukaja PostgreSQL kwa sababu rafiki alisema ni bora, ukaja na Apache kwa ajili ya mradi. Leo uko mwaka wa nne na zote zinaamka nawe kila asubuhi. MySQL peke yake, bila jedwali hata moja la maana, inashika mamia ya megabaiti. Kwenye mashine ya gigabaiti 4 huo ni ukumbi mzima kwa mgeni asiyekuja. `sudo systemctl disable --now mysql`, na siku ya kazi unaandika `start`. Data zako hazipotei. Kuzima si kufuta. Nimeona watu wakibadilisha Linux nzima, wakihama kutoka GNOME kwenda Xfce, wakilaumu mazingira ya deski, na ulaji mkubwa ulikuwa kwenye seva tatu zisizo na mteja.

Lakini GNOME nayo ina yake. Kuna tabaka la pili la huduma, za mtumiaji, zinazoanza ukishaingia kwa neno la siri. Hizo hazionekani kwa amri nilizotaja mpaka uongeze `--user`: `systemctl --user list-units --type=service`. Humo utamkuta mwenye kupekua faili zako ili utafutaji uwe wa haraka. Kwa miaka aliitwa Tracker, toleo la GNOME 47 likamwita LocalSearch. Kwa KDE, mazingira mengine ya deski, ni Baloo. Kwenye SSD hutamhisi. Kwenye diski ya kuzunguka, ukinakili flashi ya gigabaiti 30 ya picha za harusi, utamsikia kwa masikio. Kabla ya kumfunga kabisa, nenda kwenye mipangilio ya utafutaji umpunguzie folda.

Tabaka la tatu ni faili ndogo za `.desktop` ndani ya `/etc/xdg/autostart` na `~/.config/autostart`. Programu za kuchati na za kuhifadhi faili mtandaoni hupenda kujiweka humo bila kukuaga. Ya kwenye folda yako unaweza kuifuta. Ya mfumo usiifute: inakili kwenye folda yako kwa jina lilelile na uongeze mstari `Hidden=true`. Jina likifanana, ya kwako inashinda. Jihadharini na dirisha la programu za kuanzia la Ubuntu, haliorodheshi zote; zenye `NoDisplay=true` zimefichwa, na ni nyingi.

Mafundi, hili ni lenu. Mteja anakuja na mashine inayosubiri dakika 1 na sekunde 30 kila ikiwashwa, na tayari ameshazima nusu ya huduma zake kwa kufuata ushauri wa mtandaoni, bila nafuu. Muda huo ukiuona, usihangaike na huduma kwanza. Sekunde 90 ni subira ya kawaida ya systemd kabla haijakata tamaa. Fungua `/etc/fstab`, orodha ya diski za kuunganishwa wakati wa kuwasha, linganisha na `lsblk -f`, inayoonyesha zilizopo kweli. Mara nyingi kuna diski ya nje iliyoandikwa humo na haijachomekwa, au swap (eneo la diski la kusaidia RAM) iliyopata UUID mpya, yaani namba ya utambulisho, mtu aliposakinisha Linux ya pili pembeni. Sahihisha UUID, au weka `nofail`, yaani isipokuwepo uendelee, kwa diski inayokuja na kuondoka. Ni kazi ndogo. Mtozeni kwa huruma.

Vya kutogusa: `dbus`, `systemd-logind`, `systemd-udevd`, `polkit`, NetworkManager, na yule anayeleta skrini ya kuingilia, awe gdm, lightdm au sddm. Mtu akishamfunga huyo wa mwisho akabaki na skrini nyeusi, asikimbilie kusakinisha upya. Ctrl+Alt+F3 inaweza kumpa terminali. Ikigoma, kwenye menyu ya GRUB, ile inayotokea kabla Linux haijawaka, abonyeze `e`, aende mwisho wa mstari unaoanza na `linux`, aongeze `systemd.unit=multi-user.target`, kisha Ctrl+X. Mashine itawaka bila picha, ataingia, ataandika `unmask` na `enable`. Na kama ni huduma mpya ndiyo inayoing'ang'aniza mashine isiwake, hapohapo kwenye GRUB aweke `systemd.mask=` na jina lake. Inafungwa kwa safari hiyo tu.

Muda wangu umekwisha, mwenyekiti ananiangalia. Meza zile mbili za nyuma zina umeme. Mwenye mashine inayosumbua aje nayo huko, afungue terminali, na kabla hajanisimulia lolote aandike `systemctl --failed` na `journalctl -b -p err`. Tutasoma pamoja. Asanteni sana.